Kalsiamu inashuka kila ukiongeza? Kapime ndoo ya kujazia kwanza

Mzee mmoja wa Njiro, Arusha, alinipigia usiku, shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri kashasema kijana njoo kesho, matumbawe yananifia. Tangi lake lita 300, maji ya bahari ya kutengeneza kwa chumvi ya dukani, liko sebuleni na analipenda kuliko tivii.

Nimefika asubuhi, kabla sijafungua hata begi la vipimo nikaona hita imevaa gamba jeupe, pampu inakoroma, ncha za akropora (matumbawe ya matawi) zimeungua zimebaki mfupa. Kalsiamu anapima mwenyewe, miligramu 340 kwa lita, na sote tunajua tunataka 400 mpaka 450, kwa hiyo yeye kila siku anaweka kijiko cha kalsiamu kloridi, ikashuka, akaweka viwili, ikashuka zaidi. Akahisi kipimo kibovu. Kipimo kizima kabisa mzee, kalsiamu yako iko pale kwenye hita.

Iko hivi. Kalsiamu ikikutana na kaboneti nyingi zinashikana zinakuwa chokaa, na hii chokaa ina tabia kinyume na sukari, maji yakipata moto ndo inakataa kuyeyuka, ndo maana inaanzia kwenye hita na kwenye pampu. Birika la shangazi yangu Unguja lina gamba hilohilo, kisima chao kiko kwenye mawe ya matumbawe. Sasa ukiona gamba usiulize kalsiamu imeenda wapi, uliza alikaliniti ni ngapi, yaani kaboneti na bikaboneti zilizomo kwenye maji, tunaipima kwa dKH. Nikapima: 14.6 dKH! Bahari yenyewe iko kama 7, mimi matangi yangu nashikilia 8 mpaka 9 na sitaki iyumbe. Nikapima na magnesiamu maana ndo inayozuia chokaa isijijenge, ikishuka chini ya miligramu 1,200 kwa lita hivi hata alikaliniti ya kawaida inaweza kukuangusha, ila yake 1,290, safi, tukaiacha.

Hizo dKH zimetoka wapi? Nikamuuliza, mzee unaweka bekingi soda? Akajibu, kidogo tu, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ilikuwa 7.8 asubuhi, nilitaka ipande. Eeh. Sasa hapa wengi mnaanguka. Arusha mwezi wa saba baridi, madirisha yamefungwa, watu wanalala humo, hewa chafu (kaboni dioksidi) inajaa ndani inaingia kwenye maji na pH inashuka, na bekingi soda haitibu hilo, gramu 3 kwa lita 100 inapandisha 1 dKH na pH haitikisiki. Chukua glasi ya maji ya tangi, nenda nayo nje, weka kipampu cha hewa saa moja, pima tena. Tulifanya hivyo ikatoka 7.8 ikaenda 8.2. Basi ugonjwa ni dirisha.

Lakini bekingi soda yote aliyoweka ni gramu 20 tu, ukipiga hesabu kwa lita 300 ni kama 2.2 dKH, haifiki 14 hata kwa maombi. Nikaomba ndoo ya maji ya kujazia, yale ya kufidia yanayoruka kwa mvuke.

Mzee akajitetea, maji yangu laini bana, sabuni inatoa povu zuri. Kweli ni laini! Na ndo mtego wenyewe. Visima vingi vya upande wetu huu vinatoka kwenye mawe ya volkano ya Meru, maji yanabeba sodiamu, bikaboneti na floridi, kalsiamu kiduchu, kwa hiyo sabuni inafurahi huku alikaliniti iko juu. (Floridi inayotupa meno ya kahawia haikunitisha sana, bahari yenyewe inayo kama miligramu 1.3 kwa lita, kiwango cha WHO cha kunywa ni 1.5.) Mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, ikasoma 410 bombani, 260 kwenye ndoo. Baada ya filta ya RO, ile inayosukuma maji kwenye membreni ya kuchuja! Membreni nzima inatakiwa ikate zaidi ya asilimia 90, halafu resini inamalizia mpaka sifuri. Nimefungua, kumbe aliyefunga filta miezi mitatu nyuma kakunja oringi (mpira wa kuziba), maji yanapita pembeni ya membreni yanaenda zake, na resini ilishakufa siku nyingi.

Ndoo ilikuwa na 8 dKH. Tangi linapoteza lita 3 kwa siku, kinachoruka ni maji matupu, kilichomo kinabaki, kwa hiyo lita 90 kwa mwezi ni kama kuongeza 2.4 dKH kila mwezi bila kujua, zidisha kwa miezi mitatu. Umeshaelewa.

Oringi mpya, resini mpya, ndoo ikasoma 0. Dawa zote nikamwambia aache, akawa anabadilisha lita 45 kila baada ya siku tano. Kuna watu wanashusha na asidi, mimi sifanyi kwenye tangi lenye viumbe, pH inaporomoka ghafla. Pampu na hita tulichomoa kwenye umeme tukaloweka kwenye siki, gamba likachemka likaisha. Zile ncha zilizoungua hazikurudi, nilizikata.

Wiki ya tano alikaliniti 9.8, kalsiamu imepanda yenyewe 410. Juzi ananipigia tena, amesikia magadi ya Natron yanafanya kazi sawa na bekingi soda na sokoni Kilombero bei poa, aweke lini? Mzee, hayo yana kaboneti ndani, uchafu na floridi juu, yaache kwenye makande.