Uliahidiwa Matundu, Umeamka na Mshono Mrefu: Elimu kwa Umma Kuhusu Upasuaji wa Tumbo

Malalamiko ya upasuaji wa tumbo yanayofika kwenye madawati ya huduma kwa wateja ya hospitali za rufaa mara nyingi yanafanana. Mgonjwa aliambiwa atafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ambao kamera na vyombo vyembamba hupitishwa kwenye matundu badala ya kufungua tumbo, akalipia au bima ikatoa kibali, kisha akaamka na mshono wa sentimita 15 tumboni. Ndugu wanakata shauri kwamba wametapeliwa, au kwamba daktari alikuwa anajifunzia kwa mgonjwa wao. Wapo pia wanaokataa kabisa kufunguliwa tumbo, wakasubiri nafasi ya matundu huku kidole tumbo kinapasukia ndani. Makala hii inawahusu wote hao, ingawa haichukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekuhudumia, ambaye ndiye aliyeshika vipimo vyako.

Tuanze na kuondoa dhana moja: upasuaji wa matundu si mionzi wala leza, na hakuna kitu kinachoyeyushwa. Kazi ya ndani ni ileile. Kidole tumbo kinafungwa shinani na kukatwa. Mfuko wa nyongo unafungwa mrija wake na mshipa wake wa damu, kisha unabanduliwa kwenye ini. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia. Wala njia hii si ya jana. Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa matundu mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1980, na Erich Mühe akatoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, pia Ujerumani. Wote wawili walipingwa vikali na madaktari wenzao.

Mlango huo una masharti. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi mpaka shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili ukuta wa tumbo unyanyuke na kamera ione. Tundu la kamera kwa kawaida ni la milimita 10 kitovuni. Mengine mawili au matatu ni ya milimita 5 hadi 10. Hatari inayofichika zaidi iko mwanzoni kabisa, pale chombo cha kwanza kinapopenya, kwa sababu utumbo na mishipa mikubwa ya damu viko karibu na kitovu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mtu mwembamba. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji utumbo wake unaweza kuwa umeganda kwenye kovu la zamani. Ndiyo maana hospitalini tunauliza kuhusu upasuaji wowote uliopita, ukiwamo wa uzazi. Tafadhali usiufiche kwa kuona ni jambo la zamani.

Gesi hiyo inasukuma juu kiwambo cha kifua, yaani msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, na kupunguza damu inayorudi kwenye moyo, kwa hiyo upasuaji wa matundu kwa kawaida unahitaji usingizi kamili na mpira wa kupumulia. Ngiri ya kinena, na mara nyingi kidole tumbo, vinaweza kufanyiwa upasuaji wa wazi kwa ganzi ya uti wa mgongo, mgonjwa akiwa macho. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu au mapafu yaliyochakaa, mkato unaoonekana mkubwa kwa macho ya ndugu unaweza kuwa ndio mwepesi kwa mwili wake.

Je, njia ipi ina matokeo bora? Hakuna jibu moja kwa tumbo zima, na anayekupa jibu moja anakuuzia kitu.

Kwa kidole tumbo, tafiti nyingi zimeonyesha kuwa matundu hupunguza usaha kwenye kidonda, maumivu, na muda wa kulazwa kwa takribani siku moja. Lakini kidole kikishapasuka, baadhi ya tafiti zilikuta jipu la ndani ya tumbo likitokea zaidi kidogo kwa waliofanyiwa kwa matundu, na matokeo hutegemea sana jinsi usaha ulivyonyonywa. Kumwaga lita za maji tumboni bila kuyatoa yote huusambaza usaha hadi chini ya ini na kwenye nyonga. Hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya matundu ikikutoa kidole tumbo leo usiku kwa mkato wa sentimita 5 upande wa kulia, hujapata huduma ya daraja la pili. Kusubiri siku tatu ili uhamishiwe kwenye kamera ndiyo huduma mbaya.

Kwa mawe ya nyongo, matundu ndiyo chaguo la kwanza, na hapo hatubishani. Mkato wa wazi hupita chini ya mbavu za kulia, unakata misuli, na mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi ndefu siku za mwanzo. Mapafu yasipotanuka vizuri, nimonia inaweza kufuata. Hata hivyo, kuna jeraha moja ambalo matundu yameliongeza: kukatwa kwa mrija mkuu wa nyongo. Hutokea kwa wagonjwa 3 hadi 5 kati ya 1,000, wakati kwa njia ya wazi ilikuwa 1 au 2. Chanzo chake kikuu ni macho kudanganyika. Mfuko uliovimba huvuta mrija mkuu ukasimama mahali ambapo daktari anategemea kuona mrija mdogo wa mfuko.

Kinga yake ni utaratibu uitwao kwa Kiingereza "critical view of safety", yaani mwonekano wa usalama, jina uliopewa na daktari wa upasuaji Steven Strasberg na wenzake mwaka 1995, nao una masharti matatu kabla ya kukata chochote. Pembetatu iliyo kati ya ini na mirija isafishwe mafuta na utando. Theluthi ya chini ya mfuko ibanduliwe kutoka kwenye ini. Na vionekane vitu viwili tu, si vitatu, vikiingia kwenye mfuko. Yasipotimia, daktari hana ruhusa ya kubahatisha. Anaweza kufungua tumbo, kukata sehemu ya mfuko na kuacha shingo yake, au kuweka mpira wa kutoa usaha na kumrudisha mgonjwa baadaye.

Hapa ndipo mshono mrefu unapozaliwa. Kwa upasuaji wa nyongo uliopangwa, takribani wagonjwa 5 kati ya 100 huhamishiwa kwenye njia ya wazi. Nyongo ikiwa imevimba kwa siku kadhaa, idadi inapanda. Sababu nyingine ni damu isiyozuilika haraka, utumbo uliogandana, mgonjwa kushindwa kustahimili gesi, au mashine kuharibika. Mgonjwa hawezi kuamshwa katikati ili aulizwe. Kwa hiyo fomu ya ridhaa ina sentensi inayosema kwamba njia inaweza kubadilishwa kwa usalama wako. Ipo kwenye fomu. Watu wanasaini bila kuisoma, kisha wanauliza nani aliruhusu.

Kwa ngiri ya kinena, jambo la msingi ni wavu wa kuimarisha ukuta, njia ya kuuweka inafuata baadaye. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302. Kundi moja liliwekewa wavu wa kibiashara, jingine wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha aina ya chandarua uliotakaswa kwa ajili ya upasuaji, wote kwa njia ya wazi. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu wa kundi la bei nafuu, na hakuna wa kundi la wavu wa kibiashara. Tunaomba isieleweke vibaya: hatuzungumzii chandarua cha kitandani chenye dawa ya mbu. Na ngiri haiponi kwa mkanda wala kwa mizizi. Iliyonasa, ikawa ngumu, inauma na mtu anatapika, ni dharura ya saa chache kabla utumbo haujaoza.

Kwa saratani tahadhari ni kubwa zaidi. Saratani ya utumbo mpana ilifanyiwa majaribio kwa wagonjwa 872, matokeo yakatolewa mwaka 2004, na kiwango cha saratani kurudi kilikuwa sawa kwa njia zote mbili. Wengi wakadhani hesabu hiyo inafaa kila kiungo. Mwaka 2018 likatoka jaribio la saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo: baada ya miaka minne na nusu, waliobaki hai bila saratani walikuwa asilimia 86.0 kwa matundu na asilimia 96.5 kwa upasuaji wa wazi. Kwa hiyo mama mwenye saratani hiyo anayeshauriwa kufunguliwa tumbo hajanyimwa teknolojia.

Utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, au tumbo lililojaa damu baada ya ajali ya bodaboda, kwa kawaida hufunguliwa katikati bila majadiliano marefu. Swali linalobaki ni namna ya kulifunga. Kwa upasuaji uliopangwa, jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kuwa mishono midogo, milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati ya mshono na mshono, ilipunguza ngiri ya kovu kutoka asilimia 21 hadi 13 baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na mishono mikubwa ya sentimita moja. Kipimo cha jumla ni urefu wa uzi uliotumika usipungue mara nne ya urefu wa mkato: mkato wa sentimita 15, uzi wa sentimita 60. Mshono mkubwa uliokazwa sana hukata nyama kama waya, na ukuta unaachia taratibu. Hakuna ndugu aliyewahi kutuuliza kuhusu hili, ilhali ndilo litakaloamua kama mgonjwa wao atarudi na uvimbe kwenye kovu.

Usaha kwenye kidonda nao una sababu zake, na hauletwi na kula nyama, maharage wala mayai. Mgonjwa anahitaji protini ili apone. Dawa ya kuzuia maambukizi itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya mkato. Nywele zisinyolewe kwa wembe, kwa kuwa wembe huacha vidonda vidogo vinavyokaribisha vijidudu. Zikibidi kuondolewa, mashine ya kukatia inatosha. Tunawaona wagonjwa waliojinyoa nyumbani usiku wa kuamkia upasuaji wakidhani wanatusaidia. Jaribio kubwa la nchi saba, Rwanda ikiwamo, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kuwa timu ikibadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi hushuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Na orodha ya ukaguzi wa usalama ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya maeneo manane ya kuijaribu, ilipunguza vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ukiulizwa jina lako na upande unaopasuliwa mara ya tatu, usikasirike. Hatujakusahau.

Kuhusu kufunga kula: chakula kigumu mwisho ni muda wa saa sita nzima kabla ya upasuaji, maji matupu mwisho ni muda wa saa mbili nzima kabla yake, isipokuwa daktari wa usingizi ameelekeza vingine. Chai ya maziwa inahesabiwa chakula, na uji pia. Ukila, upasuaji uliopangwa unaahirishwa, nafasi yako anapewa mwingine, na unarudi kwenye foleni ya kupangiwa tarehe. Si adhabu ya kukukomoa, kwani chakula kikipanda wakati wa usingizi kinaingia kwenye mapafu.

Baada ya upasuaji ndipo watu wanapolegeza macho, na si ndugu peke yao. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000. Asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi. Na zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku yenyewe ya upasuaji. Hii inaashiria kwamba tatizo kubwa si mkato bali dalili zinazochelewa kuonekana wodini.

Baada ya matundu, maumivu ya bega kwa siku moja hadi tatu ni ya kawaida. Gesi iliyobaki inakera kiwambo cha kifua. Maumivu ya tumbo yanatakiwa kupungua kila siku. Yakizidi siku ya pili hadi ya tano, tumbo likavimba, homa ikapanda au moyo ukaenda mbio, rudi hospitali saa hiyohiyo, kwa maana utumbo uliojeruhiwa bila kuonekana hujitokeza kipindi hicho. Usinunue dawa ya gesi dukani. Macho yakiwa ya njano au mkojo mweusi baada ya kutolewa mfuko wa nyongo, rudi pia. Kazi nyepesi inawezekana baada ya wiki moja au mbili kwa matundu. Aliyefunguliwa katikati ya tumbo akae wiki sita bila kunyanyua vizito, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 hata kama umezoea kuibeba tangu utotoni.

Sasa utaratibu. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, muulize daktari mambo manne: kwa nini njia hii kwangu, nani atashika kisu na amefanya mara ngapi, ni nini kitawafanya mbadili njia, na gharama itakuwaje mkibadili. Mwenye bima amuulize ofisa wa bima wa hospitali kama kibali kinahusu pia njia ya wazi, na aulize kabla, si siku ya kuruhusiwa. Ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Mume au shemeji hasaini kwa niaba yake. Usipoelewa, unaruhusiwa kutosaini siku hiyo, dharura ikiwa haipo.

Baada ya upasuaji, omba maelezo ya sababu ya kubadilishwa njia. Sababu hiyo lazima iwe imeandikwa kwenye taarifa ya upasuaji, pamoja na majina ya timu, kilichokutwa na kilichofanyika. Usiporidhika, andika barua kwa mganga mfawidhi ukitaja namba ya faili na tarehe. Hatua inayofuata nchini Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye uwezo wa kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Baraza linashughulikia maadili na uzembe. Urefu wa mshono peke yake si kosa la kitaaluma, na lalamiko lisilo na jingine zaidi ya hilo litakupotezea nauli.

Nakala au muhtasari wa taarifa hiyo uutunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Kama shingo ya mfuko wa nyongo iliachwa, au wavu umewekwa, daktari atakayekupokea miaka kumi baadaye kwa maumivu mapya ataanzia hapo badala ya kukurudisha kwenye vipimo ambavyo vilishalipiwa.