Kufunga redio kwenye kidhibiti cha umwagiliaji: jibu litoke kwenye maji

Kwenye tambarare ya Kahe, kusini mwa Moshi, shamba la umwagiliaji wa matone likishazidi ekari chache linapata shida ile ile. Kisima, pampu na kidhibiti viko upande wenye umeme, na vitalu vya nyanya na pilipili hoho viko ng'ambo ya mahindi na migomba, pengine kilomita nzima kutoka hapo. Waya unaweza kuvutwa hadi huko, lakini hesabu yake haipendezi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita, na kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi, zinakuwa omu 24. Koili, yaani sumaku ya umeme inayofungua valvu, ikiwa ya kawaida ya volti 24 huvuta karibu ampea 0.4 inapoamka. Volti zipatazo 10 zinaishia njiani, koili inabaki na 14, na valvu haifunguki. Ukinunua waya mnene zaidi gharama inapanda, na bado trekta linaweza kuukata msimu wa kulima.

Hapo ndipo watu wanapoulizia redio, na ombi lao huwa moja: "Fundi, nataka nikibonyeza hapa, kule ifunguke." Mimi huwarudishia swali: utajuaje kwamba imefunguka?

Redio ya upande mmoja inatuma amri halafu inanyamaza. Ya pande mbili inatuma na kusubiri jibu, na siku hizi tofauti ya bei ni ndogo mno, kwa sababu chipu inayotuma ndiyo hiyo hiyo inayopokea. Kwa hiyo sibishani na mtu kuhusu kuchukua ya pande mbili. Ninachobishania ni jibu litoke wapi. Mifumo mingi huwasha taa ya kijani mara tu redio ya shambani inaposema "nimepata ujumbe". Taa hiyo inathibitisha kwamba redio imesikia, basi. Koili inaweza kuwa imekatika, mchanga umekaa chini ya kiwambo cha valvu, au kibarua amefunga koki ya mkono ili azibe mpira uliotoboka na akasahau kuifungua, na taa ikabaki kijani. Nyanya iliyo kwenye maua haistahimili siku za namna hiyo kwenye joto la Kahe. Inapukutisha maua, na mwenye shamba anakuja kujua wakati wa kuvuna.

Ndiyo maana kwenye kila kitalu nafunga mita ya maji yenye kutoa pigo, na jibu ninaloliamini ni la mita. Ndani ya mita hizi kuna sumaku inayozunguka na swichi ndogo inayojifunga kila kiasi fulani cha maji kikipita, mara nyingi lita 1, 10 au 100. Chukua kitalu cha nusu hekta chenye mipira ya matone iliyoachana mita 1.5 na matundu kila sentimita 30, kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa. Hapo una matundu kama 11,000, na maji karibu lita 295 kwa dakika. Mita ya lita 10 kwa pigo itahesabu mapigo 29 au 30 kila dakika. Namba hiyo inakueleza mengi. Sifuri maana yake valvu haikufunguka au pampu haisukumi. Ikifika 40, kuna bomba limepasuka. Ikiteremka polepole wiki baada ya wiki, chujio linaziba au matundu yanaota chumvi. Hakuna taa ya kijani itakayokwambia hayo.

Ndani ya boksi la kidhibiti

Vidhibiti vingi vilivyoko sokoni vinafanana ndani: transfoma ya volti 24 za AC, terminali ya C ambayo ni ya pamoja, terminali zenye namba za vituo, yaani valvu za vitalu, na moja iliyoandikwa P au MV kwa ajili ya pampu au valvu kuu. Bodi ya redio inapata umeme wake hapo hapo, na hapa ndipo bodi nyingi zinapoungulia. Volti 24 za AC zikipita kwenye dayodi nne na kapasita zinakuwa karibu 34 za DC. Transfoma isiyo na mzigo hutoa hata 28, na ukizigeuza unafika karibu 40, ambao ndio ukomo wa kibadilishaji volti cha LM2596 kinachouzwa kila duka la elektroniki Kariakoo. Umeme ukipanda kidogo usiku, kimekwenda. Nunua cha LM2576HV kinachovumilia hadi volti 60, na kapasita yake iwe ya volti 63. Tofauti ya bei haizidi ya chakula cha mchana.

Kujua kidhibiti kimewasha kituo kipi, usiguse programu yake. Soma volti kwenye terminali kwa kutumia optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana, yenye taa mbili zilizogeuziana migongo, kama PC814, ambayo haijali mwelekeo wa umeme. Rezista ya kilo-omu 3.3 ya nusu wati inatosha mbele yake. Kwa umeme wetu wa hezi 50 utapata mapigo 100 kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo kuna upenyo mfupi wa giza. Bodi ihesabu kituo kuwa kimewaka kama imeona pigo lolote ndani ya milisekunde 50 zilizopita. Ukiacha kipengele hiki, bodi itakuwa inaona kituo kikiwaka na kuzimika mara mia kila sekunde, na itamwaga amri hewani bila mpangilio.

Sasa terminali ya pampu. Kidhibiti cha kawaida huwasha pampu papo hapo kinapowasha kituo. Pale valvu iko kwenye waya hilo halina neno, ila kwa redio ni hatari: amri ikichelewa au ikipotea, pampu inasukuma maji kwenye bomba lililofungwa. Kwa hiyo naung'oa waya wa rilei (swichi ya umeme) ya pampu kutoka P na kuupeleka kwenye bodi ya redio. Mpangilio unakuwa hivi: kidhibiti kinawasha kituo, redio inatuma amri, redio ya shambani inapiga koili na kujibu kwamba imepiga, ndipo pampu inaruhusiwa kuwaka. Kisha saa inaanza kuhesabu. Ndani ya dakika tatu, muda ambao bomba linajaa, mapigo ya mita lazima yaanze kufika. Yasipofika, pampu inazimwa na king'ora kinalia. Wakati wa kufunga ni kinyume chake, pampu kwanza, valvu baadaye.

Masafa na antena

Afrika iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na kipande cha megahezi 433.05 hadi 434.79 kimetengwa kwa vifaa vya viwanda, sayansi na tiba, ambamo redio ndogo za namna hii huingia. Mimi hutumia moduli za LoRa, redio za kufika mbali kwa nguvu ndogo, zenye chipu ya SX1278 kwenye masafa hayo. Kabla ya kununua, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nguvu inayoruhusiwa na kama kifaa kimeidhinishwa. Chipu inaweza kutoa hadi miliwati 100, lakini uwezo wake si ruhusa yako. Na jihadhari sana na moduli za megahezi 915 zinazoagizwa kutoka Marekani. Kule kipande cha 902 hadi 928 ni huru. Kwetu simu za mkononi hurusha kuelekea mnara kati ya 880 na 915, kwa hiyo unaweza kuwa unapiga kelele kwenye njia ya watu wengine.

Masafa ya 433 yana faida nyingine shambani. Kwa umbali wa kilomita 1 kwenye uwazi, yanapoteza kama desibeli 85, ilhali 868 yanapoteza 91. Lakini uwazi wenyewe ndio mgumu kuupata. Katikati ya njia ya kilomita 1, mawimbi ya 433 yanahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha mita 13 hivi, na vizuri asilimia 60 ya hiyo iwe haina kizuizi. Hutapandisha mlingoti hadi hapo kwa sababu ya kitalu cha nyanya. Mabomba ya chuma huuzwa kwa urefu wa mita 6. Simamisha moja kila upande, antena ije juu ya mahindi, kisha pima. Pima mahindi yakiwa yamekomaa na majani yamelowa, si Januari shamba likiwa jeupe. Njia inayopita vizuri wakati wa kiangazi inaweza kukatika masika.

Kupima kwenyewe ni kutembea. Acha redio moja kwenye pampu ikijibu, nenda na nyingine mpaka valvu ya mwisho, na uandike uwiano wa ishara na kelele kila unaposimama. SF ni kiwango cha kutandaza ujumbe: namba ikipanda, unafika mbali lakini unachukua muda zaidi. Kwenye SF9 chipu hii husoma ujumbe hata ishara ikiwa desibeli 12.5 chini ya kelele. Mimi nataka akiba ya desibeli 10 juu ya hapo. Wengine hukimbilia SF12 ili wafike mbali zaidi, lakini ujumbe mfupi unaochukua chini ya robo sekunde kwenye SF9 unachukua zaidi ya sekunde moja kwenye SF12. Redio hizi haziwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo vitalu vikiwa vingi majibu yanagongana. Ni afadhali kupandisha antena.

Kebo iwe fupi. Kebo ya RG58 hupoteza kama desibeli 3 kila mita 10 kwenye masafa haya, yaani nusu ya nguvu yako inaishia kwenye kebo. Boksi la chuma lisifungie antena ndani. Usiwashe redio kabla ya kufunga antena, chipu inaweza kuharibika. Na kama pampu ni ya sola, weka mlingoti mbali na inveta, maana inveta hutoa kelele nyingi za redio. Washa na zima pampu huku ukiangalia kipimo, utaiona.

Amri yenye muda ndani yake

Upande wa valvu hakuna umeme, kwa hiyo koili ni ya DC, ile inayopigwa pigo moja fupi ikabaki wazi, na pigo la kinyume likaifunga. Kapasita ya mikrofaradi 4700 inachajiwa polepole kutoka kwenye betri kisha inamwagwa kwa mara moja. Betri nazozipenda ni za LiFePO4, kwa kuwa hata zikijaa hazizidi volti 3.65 na SX1278 inakubali hadi 3.7. Betri za kompyuta za volti 4.2 zinahitaji kipunguza volti katikati.

Koili hiyo haili umeme ikiwa wazi, na uzuri huo una hatari yake: betri ikifa katikati ya kumwagilia, valvu inabaki wazi. Ndiyo maana simtumii valvu amri ya "fungua" halafu baadaye "funga". Natuma "fungua kwa dakika 20", na redio ya shambani inahesabu dakika zake yenyewe. Mawasiliano yakikatika, itafunga kwa wakati. Betri ikishuka chini ya kiwango nilichoweka, inafunga kwanza, inatoa taarifa, na kukataa amri yoyote ya kufungua mpaka ichajiwe. Kapasita ya kufungia inajazwa kabla ya koili kupigwa kufunguka, si baadaye, ili nguvu ya kufunga iwe tayari imewekwa akiba.

Kila ujumbe una namba ya mfuatano. Jibu likipotea, kidhibiti kinarudia amri kwa namba ile ile, na valvu ikiona namba iliyokwisha kuitekeleza inajibu tena bila kuanza dakika 20 upya. Bila namba hiyo, kitalu chenye mawasiliano hafifu ndicho kitakachomwagiliwa kupita kiasi.

Maboksi ya shambani yafungwe kwa glandi za mpira kila waya unapoingia. Sisimizi na mijusi wanapenda joto la bodi, na tundu dogo tu linawatosha.

Siku ya kukabidhi, namwomba mwenye shamba asimame kwenye pampu na msimamizi asimame kwenye kitalu. Tunafungua valvu, maji yanatoka, mapigo yanaingia. Kisha msimamizi anafunga koki ya mkono bila kumwambia mtu. Ndani ya dakika tatu pampu lazima izime yenyewe. Tunaanza tena, safari hii tunachomoa umeme wa redio iliyoko kwenye pampu, na kule kitalu lazima kijifunge dakika zake zikiisha. Mwisho tunachomoa betri ya shambani valvu ikiwa wazi: kapasita ya akiba lazima iifunge, na upande wa pampu, taarifa tatu mfululizo zikikosekana, pampu inazimwa na skrini inaandika namba ya kitalu. Jaribio lolote likishindwa, sichukui hela iliyobaki, narudi na vifaa vyangu kesho yake.