Mbaazi za kienyeji si za kuuza India tu

Tangu India ilipobana uagizaji wa mbaazi mwaka 2017 na bei ikaporomoka, husemwa Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kwamba zao hili halina maana bila mnunuzi wa nje. Si kweli hata kidogo. Mbaazi ya kienyeji, ile ndefu inayopandwa pamoja na mahindi na kuvunwa kiangazi mahindi yakishatoka shambani, ni chakula kwanza: mbichi huchemshwa na maganda yake, kavu huungwa kwa tui la nazi, zikaliwa na maandazi asubuhi. Majani yanayopukutika na vinundu vya mizizini huirutubisha ardhi. Mabua ni kuni. Mbegu itenge kutoka miti ya mbaazi yenye afya, mbali na aina nyingine, kwani nyuki huchanganya chavua.