Kafala ni kitu gani hasa?

Kila ikitoka video ya dada analia yuko Uarabuni anaomba arudishwe nyumbani, kwenye komenti swali ni lile lile, kwani si aache tu kazi aondoke? Ndo hivyo, hawezi. Na kinachofanya asiweze kinaitwa kafala, neno ambalo wengi wetu tunalisikia tunadhani ni jina jingine la mateso, kumbe ni kitu kingine kabisa.

Neno lenyewe ni la Kiarabu na wala sio baya. Kafala ni dhamana, kumsimamia mtu, hata misikitini utasikia kafala ya mayatima, yaani mtu anabeba matumizi ya yatima na anatarajia thawabu kwa Mungu. Anayedhamini ndo kafili. Sasa nchi za Ghuba (Saudia, Qatar, Kuwait, Bahrain, Oman, Emirates), na Lebanon na Jordan pia, wamelichukua neno hilo wakajengea utaratibu wa kuingiza wafanyakazi wa kigeni: mgeni haingii kufanya kazi mpaka apatikane mwenyeji wa kumdhamini, awe mtu au kampuni. Viza inatoka kwa jina la kafili, ikama yako, kile kibali cha kukaa, inafungwa kwake, na asipoihuisha wewe ndo unakuwa haramu nchini wakati kosa ni lake.

Yaani kazi ya ofisa uhamiaji amepewa bosi wako. Hapo ndo kwenye kiini, mengine yote yanatokea hapo. Unaweza ukapata kafili mtu mwema kabisa, anakulipa kwa wakati, Idi anakununulia nguo, bado uko ndani ya kafala ile ile maana wema wake ni hiari yake na akiamka vibaya kesho huna pa kushika.

Tuchukue kufanya kazi nyumba ya mtu Saudia, huko ndo wengi wa Kenya na Uganda wanakoenda. Familia inalipa ofisi ya wakala hela nyingi tu ili uletwe, ofisi ambayo wadada wa Kenya wanaiita maktab, kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza mama mwenye nyumba anaona kama kakununua, na ukisema umechoka unataka kurudi jibu ni moja, rudisha hela yangu kwanza. Paspoti anaichukua. Kisheria hairuhusiwi mwajiri kukaa na paspoti ya mfanyakazi, ila nenda kamwambie hivyo ukiwa jikoni kwake, simu imefungiwa kabatini na mlango una funguo.

Ukitoka bila ruhusa yake anaripoti kwamba umetoroka. Saudia wanaita hurubu. Ripoti hiyo ikiingia kwenye mfumo, ikama yako inakufa na wewe uliyekimbia kupigwa au kutolipwa miezi mitano unageuka mhalifu wa uhamiaji, unaweza kukamatwa, kuwekwa ndani na kurudishwa kwenu mikono mitupu. Ndo maana wengi hawaendi polisi, wanaogopa, na kweli wapo waliokwenda kushtaki wakajikuta wanarudishwa nyumba ile ile walikotoka.

Sasa weka hayo pembeni ya Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948. Ibara ya 13 inasema kila mtu ana haki ya kuondoka nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na kurudi kwao. Ya 23 inasema una haki ya kuchagua kazi kwa uhuru. Ya 4 inakataza utumwa na utwana. Kafala ya zamani inagonga zote tatu. Kwa kumbukumbu tu, Saudia ni moja ya nchi 8 ambazo siku ile ya kura zilijizuia, hawakukataa wala hawakukubali.

Tuwe wakweli, mambo yamebadilika, sio sawa na miaka 15 iliyopita. Qatar ilivyopewa Kombe la Dunia la 2022 macho ya dunia yote yakahamia kwenye viwanja vyake na waliokuwa wanavijenga, shirika la kazi la Umoja wa Mataifa, ILO, likafungua ofisi Doha mwaka 2018, ruhusa ya bosi ili utoke nchini ikafutwa kwa wengi mwaka huo, kwa wafanyakazi wa majumbani ikaja Januari 2020, halafu 2021 kikaanza kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mtu bila kujali katoka nchi gani. Oman nao Januari 2021 wakaondoa ile barua ya kutokuwa na pingamizi, ambayo bila hiyo mkataba wako ukiisha huwezi kuhamia kwa mwajiri mwingine. Saudia wakaja na mabadiliko yao Machi 2021, ila wakawaacha nje wafanyakazi wa ndani, madereva wa majumbani, watunza bustani na wachunga mifugo. Yaani wale wale!

Na sio kwa bahati mbaya. Nyumba ya mtu inahesabiwa ni faragha, mkaguzi wa kazi haingii hovyo, na sheria za kazi za nchi nyingi (sio za Kiarabu peke yake) zimewaruka hausigeli toka zamani. Ndo sababu ILO ilipitisha mkataba namba 189 mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani tu, saa za kupumzika, siku ya mapumziko, kukaa na paspoti yako mwenyewe, vitu vidogo vidogo ambavyo kwa mwingine ni vya kawaida. Na hata kuvisema tu kunaweza kukuponza, Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, aliandika mtandaoni kuhusu maisha ya wafanyakazi wenzake, akakamatwa Mei 2021 na baadaye akapigwa faini ya riyali 25,000.

Kwa hiyo watu wanakimbia tu. Wakenya wana jina lake, anayetoroka kwa kafili akaanza kujitafutia vibarua wanamwita kemboi, jina la Ezekiel Kemboi, yule bingwa wao wa mbio za kuruka viunzi na maji, na ucheshi huo una machungu yake. Kemboi anaweza akapata hela nzuri kuliko aliyebaki ndani, analala chumba kimoja na wenzake kumi, ila siku akitaka kurudi kwao inabidi ajisalimishe. Na kama kazaa huko bila ndoa ni balaa zaidi, kuzaa nje ya ndoa ni kosa na mtoto hapewi cheti cha kuzaliwa kirahisi, bila cheti hakuna hati ya safari, mama anaweza kupandishwa ndege lakini mtoto kwenye makaratasi hayupo.