Mungu Jua Kwenye Sarafu za Konstantino

Wengi tumesimuliwa kwamba Konstantino, Kaisari wa Roma, alishinda vita penye Daraja la Milvio, Roma, tarehe 28 Oktoba 312, akaupokea Ukristo, na miungu ya kale ikafutika papo hapo. Sarafu zake zinasema vingine.

Tazama ile ya shaba iliyogongwa Trier, katika Ujerumani ya leo, miaka michache baada ya vita hivyo. Ni ndogo, upana kama sentimita 2, uzito gramu 3 na ushee. Upande mmoja kuna kichwa cha Kaisari chenye taji la majani. Igeuze: amesimama kijana aliye uchi, joho begani, miale imemzunguka kichwa. Mkono wa kuume ameuinua. Wa kushoto umeshika tufe, yaani ulimwengu. Huyo ni Sol, mungu jua. Maandishi SOLI INVICTO COMITI yanamtaja kuwa Jua Lisiloshindwa, mwandani wa Kaisari. Herufi PTR zilizo chini ya miguu yake ni alama ya Trier. Zikiwa PLN, sarafu imetoka London.

Kumbuka pia kwamba dhahabu ilikuwa ya wachache. Shaba ndiyo iliyopita mikononi mwa wachuuzi na askari, na kwa hiyo picha yake iliwafikia watu wa kawaida kuliko amri yoyote iliyosomwa mjini.

Mwaka 313 Konstantino na Kaisari mwenzake Licinius walikubaliana Milano kwamba kila mtu afuate dini aitakayo. Hata hivyo Sol alibaki kwenye shaba hadi mnamo 318. Naamini Kaisari alikuwa anapima upepo, maana askari wake wengi walimheshimu mungu huyo. Ndipo mwaka 327, huko Konstantinopoli (Istanbul ya leo), ikatoka sarafu ya shaba, adimu sana leo, yenye bendera iliyobeba alama ya jina la Kristo, mlingoti wake umemchoma nyoka. Alama hiyo kuujaza upande mzima wa sarafu ilingoja hadi Magnentius, Kaisari wa baadaye, mwaka 353 hivi.

Ukiipata sarafu ya Sol, tafadhali usiisugue kwa ndimu wala majivu. Ilipotoka karakanani ilikuwa imepakwa fedha nyembamba, na mabaki yake huenda bado yamo kwenye mikunjo ya lile joho.