Wanaouziana hawapigani? Dhana potofu kuhusu biashara na vita

Mvutano ukizuka kati ya nchi mbili, husikika faraja ileile: hawa hawatapigana, wanategemeana mno. Naiona faraja hiyo kuwa ya hatari, kwa sababu huwafanya watu wabweteke wakati wanapopaswa kuwa macho.

Dhana: Nchi zinazouziana sana haziwezi kupigana

Zimepigana, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1914 Ujerumani ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa Uingereza, na meli zake nyingi za mizigo zilikatiwa bima London. Agosti zikaingia vitani. Treni za nafaka na mafuta kutoka Muungano wa Kisovieti ziliendelea kuvuka kwenda Ujerumani hadi usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 1941, siku Hitler alipoivamia nchi iliyokuwa ikimlisha. Tumeyaona hata katika miaka yetu hii: gesi ya Urusi ilipita kwenye mabomba ya Ukraine, na Ukraine ikalipwa ada ya kuipitisha, karibu miaka mitatu baada ya uvamizi wa Februari 2022. Mkataba huo ulikoma mwisho wa 2024, lakini mapigano yakaendelea.

Dhana: Basi biashara haizuii lolote

Mwenendo wa Idi Amin unaonyesha vinginevyo. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Lakini mafuta na shehena za Uganda zilipitia Mombasa, na Kenya ingeweza kuzikatiza. Akarudi nyuma. Baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, mwezi Julai, uhasama ulizidi, Kenya ikabana mafuta, na mwishowe pande hizo mbili zikafikia makubaliano bila vita.

Mwaka 1978 mtu huyohuyo aliivamia Tanzania na kutangaza kwamba ardhi iliyo kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda. Uhai wa uchumi wake haukuwa mikononi mwa Dar es Salaam. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee: jeshi lake lilikuwa na maasi, na uadui wake na Mwalimu Nyerere, aliyempa hifadhi Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, ulianza tangu 1971. Hata hivyo, alivyoikabili Kenya na alivyoikabili Tanzania ni mambo mawili tofauti kabisa.

Wapo wanaosema vita vya Kagera vililetwa na kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Ingekuwa hivyo, Kenya na Tanzania ndizo zingepigana. Ziligombania mali za mashirika ya pamoja kwa uchungu, na mpaka wao ukafungwa hadi 1983. Vita havikuzuka.

Dhana: Ukimnyima adui bidhaa, atatulia

Inategemea kama anaona pengine pa kuzipata kwa nguvu. Japani ilikuwa ikinunua karibu asilimia 80 ya mafuta yake Marekani. Ilipoingiza majeshi kusini mwa Indochina (Vietnam na jirani zake za leo) Julai 1941, Marekani ilizuia fedha zake, na kuanzia Agosti mafuta yakakatika. Wakuu wa jeshi la majini wakapiga hesabu ya akiba iliyobaki, wakaona kila mwezi wa kusubiri unawadhoofisha. Visima vilikuwa katika visiwa vilivyotawaliwa na Uholanzi, yaani Indonesia ya leo. Tarehe 7 Desemba wakaipiga Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, ili manowari za Marekani zisiwazuie njiani.

Siitetei Japani, ilikuwa ikiiteketeza China tangu 1937. Ninachosema ni kwamba nchi yenye kutegemea biashara hutulia pale inapoamini itaendelea kuuziwa. Ikipoteza imani hiyo, utegemezi uleule waweza kuisukuma kuvamia, mradi ina uwezo. Amin hakuwa na nguvu za kuifikia Mombasa. Japani ilikuwa na manowari za kufika visimani.

Dhana: Soko la pamoja likipanuka, amani itafuata yenyewe

Ufaransa na Ujerumani hazikungoja ifuate. Mkataba wa Paris wa 1951 uliweka makaa ya mawe na chuma, malighafi za viwanda vya silaha, chini ya mamlaka moja iliyozihusisha pia Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg.

Kwetu, Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na kuwa mwanachama mwenza wa Rwanda. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba wanajeshi wa Rwanda wanapigana upande wa M23, jambo ambalo Kigali imelikanusha, na kwamba koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, huvushwa kutoka machimbo ya Rubaya, mashariki mwa Kongo, kwa magendo hadi Rwanda. Kina mama wanaovusha mboga na samaki kati ya Goma na Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya mpaka, hawakuianzisha vita hii, na biashara yao haina uwezo wa kuizuia. Sehemu ya fedha za vita inatoka kwenye madini, na juu ya madini hayo Jumuiya yetu haina chombo chenye mamlaka kama kile cha makaa na chuma.