Usiku wa familia na dini nyumbani: tunavyoambiana na ilivyo kweli

Kuna maneno tunayoambiana kila mtu akitaja kukaa na watoto nyumbani usiku mmoja kwa hadithi na michezo ya dini. Nianze na hili kwa sababu mimi mwenyewe niliishi nalo miaka.

"Dini wanafunzwa chuoni (madrasa), nyumbani waacheni wapumzike."

Naelewa latoka wapi. Watoto wetu hapa Mombasa asubuhi wako shule, wakirudi alasiri wavua yunifomu wavaa kanzu na buibui waelekea chuoni, wikendi chuo tena, mzazi yuwaona huruma yuwasema basi yatosha. Na maalim wetu wanafanya kazi kubwa, Mungu awalipe. Lakini siku moja mwanangu wa pili alinisomea ile sura ya Qur'ani, Alam tara kayfa, yote, aya 5, mbio mbio bila kukwama hata pahali pamoja, nikamuuliza haya, hii sura inasimulia nini? Akaniangalia tu. Hakujua kuna ndovu ndani! Mtoto wa miaka minane ana kisa cha ndovu na ndege kifuani na hajui kama anacho. Na hakuna aliyemkosea, maalim ana watoto darasa zima na kila mmoja lazima asikilizwe, mahali pa kuketi na kusimulia pole pole ni nyumbani.

Basi usiku ule tukaicheza. Shuka ya kijivu ndo ndovu na yeye mwenyewe chini yake, dadake mkubwa akawa Abraha aliyetoka Yemen na jeshi lake kuja kuibomoa Al-Kaaba, na wa mwisho akapewa karatasi za daftari zilizofinyangwa awe ababili, wale ndege waliolitupia jeshi mawe. Ndovu akielekezwa sebuleni, ambako ndo Makka, apiga magoti agoma, akigeuzwa upande wa jikoni atembea vizuri, akirudishwa agoma tena, na yule mdogo ashapanda juu ya kiti yuwavurumisha mawe yake, tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Sasa kijana akiisoma sura ile akifika "tarmihim", yaani wakiwatupia, namuona mkono watingishika.

"Mchezo na dini havikai pamoja, mtoto atazoea mzaha."

Hili ndo laniuma zaidi maana lasemwa kwa nia njema na watu wanaoipenda dini. Lakini hebu tazama nyumba ya Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Bi Aisha, mkewe, alikuwa na vidoli vyake na marafiki zake wakija kucheza naye, ikiwa wamejificha kwa haya Mtume yuwawarudisha waendelee, iko katika hadithi za Bukhari hiyo. Alishindana mbio na Bi Aisha, mara ya kwanza bibi akashinda, baadaye Mtume akashinda akamwambia hii ni kwa ile. Mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa kwenye sijda, akairefusha ile sijda mpaka watu nyuma wakadhani kuna jambo limetokea, kumbe hakutaka kumharakisha mtoto. Na kuna kile kisa cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas mtumishi wa Mtume, mtoto aliyekuwa na kindege chake, kile kindege kilipokufa Mtume akawa yuwamuuliza habari zake kwa maneno ya vina, Abu Umayr na nughayr. Mtu aliyebeba umma mzima ana nafasi ya huzuni ya mtoto na kindege.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Bi Rubayyi binti Muawwidh, swahaba wa Madina, alisimulia kwamba siku ya Ashura walikuwa wakifunga na kuwafungisha watoto wao, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akililia chakula wampa kile kidoli mpaka wakati wa kufuturu ufike. Fikiria hapo, ibada nzito kama saumu, na mama kando yuwashona mdoli. Mzaha ni kuicheka dini. Kucheka ukiwa ndani ya dini na wazazi wako ni kitu kingine kabisa, na mtoto yuwaijua tofauti, ukiwaambia sasa tumalize, twatawadha, isha imefika, wanatulia.

"Hatuna wakati."

Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, magharibi yetu haiendi mbali mwaka mzima, ni kati ya saa kumi na mbili na dakika chache mpaka saa moja kasorobo hivi, na isha inafuata baada ya kama dakika 70. Ule mwanya baina ya magharibi na isha uko kila siku, saa ile ile, hauhitaji kalenda wala alam. Mimi siuchukui wote, dakika 25 yatosha, tena mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukitaka kila siku utachoka wiki ya pili uache kabisa, nimeona.

"Ni vya wenye pesa."

Hapana. Mapambo, projekta, vitabu vya rangi vya kuagiza, vyote si lazima. Ludo yetu imechorwa kwa kalamu nyuma ya katoni, kete ni vifuniko vya soda. Cha kula ni viazi karai vya mama wa pale kona na ukwaju wake, ama mabuyu, na kukiwa na unga bibi yao huwapikia kaimati wenyewe wakikoroga shira. Stima ikipotea ndo raha zaidi, hadithi gizani ina utamu wake.

"Haya mambo ya usiku wa familia ni ya kizungu, tumeiga."

Ni kweli liko kanisa Marekani, la Wamormoni, ambalo tangu 1915 lahimiza familia zitenge usiku wa kukaa pamoja nyumbani, na 1970 wakautenga usiku wa Jumatatu. Ni jambo zuri nalo ni lao. Lakini sisi watu wa pwani nani hakulelewa na paukwa pakawa? Nani hakulazwa mkekani na nyanya yake akategewa kitendawili akasema tega, akishindwa akatoa mji? Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858, akiwa mgonjwa, dini na adabu na maisha ya nyumbani vyote ndani ya beti za kuimbika. Mama anafunza mwanawe nyumbani kwa utenzi! Hatukuiga kitu, tuliacha tu kikalala, tivii ikachukua mahali pake.

Sisi sasa twatega vya dini pia. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu ni tumbo, na tumbo lenyewe laogelea." Nabii Yunus ndani ya samaki. "Tumelala usingizi mmoja, kuamka pesa yetu hainunui mkate." Hicho aliwaza msichana wangu akiwa Fomu Tu kuhusu watu wa pangoni, wale waliolala miaka mingi, na kilitushinda wote, tukampa mji. Na nilisikia watu wasema watoto wakubwa hawatakubali kuketi na wadogo, mimi naona hawakubali kuketishwa tu kama wadogo. Mpe mkubwa kazi ya kuongoza, kwizi aitunge yeye, pointi ahesabu yeye, uone kama hatakuja.

Jirani zetu wa ghorofa ya juu ni Wakristo, wao ni Jumapili jioni, twasikia nyimbo na makofi na siku ya Daudi na Goliathi sakafu yao, ambayo ndo dari yetu, ilitikisika Goliathi alipoanguka. Wanangu wakauliza, nikawaambia huyo ni Nabii Daud na Jaluti, hata kwetu yumo. Wakafurahi sana.

"Ni kazi ya mama."

Baba yao yuwaendesha tuktuk na mara nyingi yuwaingia usiku, lakini Alhamisi akiweza yuwawahi, na usiku ambao yeye ndo msimuliaji watoto huwa wengine kabisa. Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika yuwatoka. Na kama baba hayuko, yuko safari, wameachana, amefariki, basi mjomba, babu, yeyote. Shangazi yao yuko Doha kikazi, huingia kwa video koli na kusimulia alivyofunga Ramadhani kule, kwa hivo hata lile la "simu zote zizimwe" mimi silifuati kama sheria, iko simu moja mezani ya shangazi, nyengine ziko chumbani.

La mwisho ni hofu, ambayo wazazi wengi wanayo hawaisemi: "Mtoto akiuliza jambo la dini nisilolijua nitamharibu."

Tuna kopo la maziwa lililokatwa tundu, wiki nzima wanatumbukiza maswali, Alhamisi twafungua. Wa mwisho hajui kuandika, yuwamnong'oneza dadake amuandikie. Moja lilisema: Mungu hulala saa ngapi? Wakubwa wakaanza kucheka nikawanyamazisha, nikamwambia mwanangu hebu nisomee ile unayoisoma kabla ya kulala. Akaanza Ayatul Kursi na sauti yake ile, akafika "la ta'khudhuhu sinatun wala nawm", nikamwambia simama hapo, maana yake hashikwi na kusinzia wala kulala. Akanyamaza kidogo akauliza, kwa hivo mimi nikilala Yeye yuko macho? Ndio mwanangu.

Lile lengine la wiki ile, kama paka watafufuliwa, sikulijua, nikawaambia sijui. Tulilipeleka kwa maalim wao Jumamosi, wote wanne, mimi nimeshika kopo.